Fundi Aitwe Kabla ya Mchoro

Mazungumzo ya leo yanahusu mafundi, na nitaanzia Segera, njia panda. Mnaifahamu. Ukitoka Dar es Salaam ukaipita Chalinze, ukaipita Msata, Mkata na Kabuku, hapo ndipo unapochagua uendako: kulia ni Muheza na Tanga mjini, upande wa pili ni Korogwe, Mombo, Same, mpaka Moshi na Arusha. Magari hayalali pale. Na palipo na magari yasiyolala pana mafundi: wa kuziba pancha, wa kunyoosha springi za malori, wa kuchomelea mageti, maseremala wa vitanda na milango, na wale wa mabati, ambao pipa la mafuta lililokwisha kazi likiwafikia asubuhi, jioni limekuwa majiko.

Watu hawa hawamo katika hesabu ya wabunifu. Mradi ukija wilayani, uwe wa maji, wa nyumba au wa nishati, fundi ataandikwa kwenye orodha ya wadau. Ataitwa semina siku ya pili, atapewa soda na fulana, atapigwa picha, kisha ataoneshwa mchoro. Mchoro umeshachorwa, na wafadhili wameshaupitisha. Sasa anaulizwa: "Mnauonaje, wagosi?" Naye, mtu mwenye adabu zake, aliyeacha kazi ya mteja karakanani, anajibu kwamba ni mzuri. Ulitaka ajibu nini? Nimekaa kwenye semina za aina hiyo vya kutosha kujua chakula kitaletwa saa ngapi, na sijaona hata moja ambayo mchoro uliondoka ukumbini na mstari mmoja umefutwa.

Hoja yangu ni kwamba fundi hajashirikishwa mpaka awe na uwezo wa kusema "hiki hakifai", na neno lake likabadilisha kitu. Hayo mengine yote ni kusindikizana. Nitatoa mifano, na wa kwanza ndio ninaoupenda kuliko yote.

Ni wa jiko, tena la majirani zetu wa Kenya. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Bei ya mafuta ilikuwa imeruka mwaka 1973, ikaruka tena 1979, na watu wameanza kuhesabu miti inayogeuka mkaa. Jiko la mjini wakati huo lilikuwa la bati tupu. Moto wake ulitoka ubavuni, ukampasha mpishi miguu kabla ya kuipasha sufuria. Wataalamu wakatafuta jiko bora zaidi, wakaliona Thailand: ndoo ya bati iliyovishwa udongo wa kuchomwa kwa ndani. Wakaanza nalo.

Tatizo ni kwamba Thailand hawasongi ugali.

Kila mama anayenisikiliza anajua ninachosema. Wali unaufunika na kuuacha, lakini ugali ni kazi ya mabega. Sufuria inabanwa, mwiko unazungushwa kwa nguvu, na jiko lenye umbo la ndoo, pana juu na jembamba chini, linayumba na moto wake. Ule udongo nao, uliojazwa mpaka kitakoni, ulilifanya jiko kuwa zito, na ulipasuka, maana bati na udongo havitanuki sawasawa vikipata joto. Basi wabunifu kama Max Kinyanjui, shirika la KENGO, vikundi vya wanawake, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo jijini Nairobi wakawa wanarudishiana kitu kilekile mkononi: wewe kata, mimi nipike, yule apime mkaa uliobaki. Jiko likabanwa kiuno, likapanuliwa chini lisimame imara. Udongo ukaachwa nusu ya juu tu, pale panapokaa moto, ukashikizwa kwa saruji.

Hebu tuone nani alijua nini hapo. Mtaalamu alijua joto linapotea wapi, na hilo fundi asingeweza kulipima kwa mkono. Mpishi alijua jiko linayumba wakati gani. Fundi wa bati alijua kipande cha pipa kikikatwa hivi hakibakizi taka, na kwamba jiko lote linaweza kutengenezwa kwa tindo, nyundo na koleo, chini ya mwembe, bila umeme. Mfinyanzi alijua udongo gani unavumilia. Hakuna aliyekuwa na jiko zima kichwani mwake, na sioni ofisi ambayo ingeweza kuwa nalo.

Matokeo yanajulikana. Bei ilianza karibu dola 15, pesa ambayo familia nyingi za mjini zisingeitoa kwa ajili ya jiko. Mafundi walipolizoea na kuanza kushindana, ikashuka hadi dola mbili tatu. Mkaa uliookolewa ulikuwa kati ya asilimia 20 na 50, kutegemea jiko lenyewe na mkono wa mpishi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yameshauzwa mamia ya maelfu. Hakuna aliyelikatia hataza, kwa hiyo fundi aliyeliona jioni aliweza kulinakili kesho yake. Lilifika Ethiopia likaitwa Lakech. Kwetu liliingia mwishoni mwa miaka ya 1980, tukaliita jiko bora, na leo unalinunua sokoni pasipo mtu kukumbuka kwamba lilikuwa na safari hiyo yote nyuma yake.

Nisilipambe sana. Uhuru ule wa kunakili ulizaa na majiko mabovu. Udongo haukuchomwa vya kutosha, bati lilikuwa jembamba mno, jiko likapasuka kabla mwaka haujaisha, na mnunuzi hakuwa na njia ya kulitambua akiwa sokoni kwa sababu yote yamepakwa rangi ileile. Miradi ilikuwa imeshafunga vitabu. Ushirikiano ulikwisha pesa zilipokwisha, na fundi akaachwa ajiwekee viwango peke yake, huku anashindana na jirani anayeuza kwa bei ya chini. Hilo nalo ni somo, ingawa huwezi kulikuta kwenye ripoti ya mwisho ya mradi, maana ripoti ya mwisho huandikwa kabla jiko la kwanza halijapasuka.

Sasa turudi kwetu. Kutoka Segera ukishika njia ya Tanga unaingia Muheza, na katika wilaya hiyo kuna kijiji kinaitwa Magoda. Upande huu wa nchi unaijua malaria kwa karibu, na malaria inaujua. Maabara ya utafiti ya Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyoijaribu chanjo ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Muongo uliopita likaja Magoda kundi la wasanifu majengo kutoka Denmark pamoja na watafiti wa afya, miongoni mwao msanifu Jakob Knudsen na daktari Lorenz von Seidlein, na swali ambalo kwa kweli ni la kifundi: je, nyumba yenyewe inaweza kumzuia mbu?

Nyumba zetu za fito na udongo mnazijua. Madirisha madogo, giza, na ule uwazi kati ya ukuta na paa. Mbu wa malaria anapitia hapohapo juu ya ukuta. Usiku ndani kuna joto, na mtu akizidiwa na joto anakitupa chandarua pembeni. Wageni wale walikuwa wamesoma nyumba za Asia ya Kusini-Mashariki, zilizoinuliwa juu na zenye kuta nyepesi zinazopitisha upepo. Zikajengwa Magoda nyumba 6 za mfano, nyingine za chini, nyingine za ghorofa moja, kuta zake zikiwa za mbao, za mianzi, au za wavu ule wa kivuli wanaoutumia wakulima wa bustani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Nyumba za ghorofa ziliingiwa na mbu wachache kwa asilimia 96 kuliko nyumba za kawaida za kijiji. Zile za chini, asilimia 77. Zilikuwa na ubaridi zaidi pia.

Ni kazi safi, na siibezi. Mbu huyu huruka karibu na ardhi, ukimpandisha mtu kulala juu umemkwepa, na hilo halihitaji dawa wala dola za kila mwaka. Lakini kipimo changu mimi huwa ni jirani. Jiko la Nairobi lilinakiliwa na fundi wa kibanda cha pili kabla ya rangi kukauka. Je, fundi wa Segera akiiona nyumba ya Magoda ataanzia wapi? Ngazi ataiweka wapi kwa bibi mwenye magoti mabovu? Wavu wa ukutani unapitisha upepo, na unapitisha pia kisu cha mwizi na macho ya mpita njia usiku taa ikiwaka. Haya ni maswali ambayo seremala wa kwetu angeyauliza siku ya kwanza, kabla hata ya kuuliza bei ya mbao, kwa sababu yeye ndiye atakayefuatwa na mteja akidai arekebishiwe.

Utafiti ule uliendelea, ukahamia Mtwara, zikajengwa nyumba 110 za ghorofa zilizogawiwa familia kwa bahati nasibu, ili watoto wanaolala humo walinganishwe na wanaolala kwenye nyumba za kawaida. Na hapo naona mvutano ambao hauna wa kulaumiwa. Sayansi inataka nyumba 110 zinazofanana, vinginevyo haiwezi kujua kilichomkinga mtoto ni nini. Ufundi unataka kila nyumba ijibu kiwanja chake, upepo wake, na mfuko wa mwenyewe. Mtafiti akimruhusu fundi abadilishe, anaharibu hesabu. Asipomruhusu, anapata hesabu nzuri na nyumba ambayo huenda isizae nyingine. Nadhani dawa ni kuvitenganisha viwili hivyo kwa wakati: pima kwanza kama sayansi inavyotaka, lakini fungu la pesa la mwaka wa pili liwe la mafundi kuivunjavunja nyumba ile na kuijenga upya wanavyojua wao. Sijui kwa nini fungu hilo huwa halipo.

Kwenye utafiti uleule wa Magoda kuna nambari ndogo ambayo watu huipita haraka. Nyumba za kawaida za kijijini zilizofanyiwa marekebisho tu, bila kubomolewa, zilipunguza mbu kwa asilimia 43. Haivutii kwenye picha. Ila marekebisho ya nyumba ni kazi ambayo fundi yeyote wa Segera anaweza kuianza Jumatatu ijayo kwa vifaa alivyonavyo. Ningekuwa mkuu wa wilaya, ningeiandika nambari hiyo kwenye ukuta wa ofisi.

Wapo watakaosema kwamba haya mambo ya kubuni pamoja na wananchi ni fasheni ya wazungu, imeletwa na makongamano. Wamekosea nusu. Huko Skandinavia kweli lipo kundi lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway kilipomwita Kristen Nygaard, mtaalamu wa kompyuta, awasaidie wafanyakazi kuwa na kauli juu ya mashine zilizokuwa zinaletwa viwandani. Angalieni nani alimwita nani. Chama cha wafanyakazi ndicho kilichomwita mtaalamu.

Lakini miaka hiyohiyo sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, na wazee wanaokumbuka ibara ya 15 wanajua ilivyowatikisa mameneja. Kuanzia 1975 hadi 1979 kukawa na mradi wa Jipemoyo, wa watafiti wa Kitanzania na wa Finland chini ya Marja-Liisa Swantz, ambao waliishi na wananchi wa Bagamoyo magharibi badala ya kuwajazia madodoso, na walizitazama pia kazi za mikono. Bagamoyo magharibi ndiyo Lugoba na Msoga, barabara hiihii ya Chalinze kwenda Segera. Utafiti shirikishi, unaofundishwa leo vyuoni Ulaya na Marekani, sehemu ya mizizi yake iko kandokando ya barabara tunayopita na mabasi. Halafu tunaletewa mwezeshaji kutoka nje aje atufundishe kuubandika kwenye karatasi za rangi ukutani.

Mabaraza yale ya wafanyakazi yalikwama wapi? Yalikuwa na haki ya kushauri, na maamuzi yakabaki kwa meneja. Nimeirudia historia hiyo kwa makusudi, kwa sababu semina za wadau za leo zimekalia kiti kilekile.

Kuna mfano mfupi wa mtu aliyekubali kuambiwa. Amos Winter, mhandisi wa chuo cha MIT huko Marekani, alikuja Tanzania mwaka 2005 kutazama hali ya viti vya magurudumu. Baadaye akabuni kiti kinachosukumwa kwa mitaimbo miwili, kipite kwenye mchanga na makorongo ambako kiti cha hospitali kinazama. Alitumia vipuri vya baiskeli ili fundi baiskeli yeyote aweze kukitengeneza, na hilo peke yake linaonyesha alikuwa amewatazama mafundi. Viti vya mwanzo vilipojaribiwa Afrika Mashariki, watumiaji wakamwambia: barabarani safi, lakini kizito, na ndani ya nyumba ni kipana mno. Alirudi mezani, akakipunguza uzito na upana. Waliomwambia hayo walikuwa wanakaa kwenye kiti hicho kutwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa suala la pesa, ambalo watu wa miradi hulizungukazunguka. Fundi hana mshahara. Siku akiketi kwenye mkutano wako, nyumbani hakuna unga. Mtaalamu aliyekaa kiti cha pili analipwa siku hiyohiyo, pamoja na posho ya kulala. Ukitaka fundi abishane nawe kuhusu mchoro, mlipe kama mtaalamu, wiki nzima, na mlipe pia siku atakayokukatalia. Anayelipwa soda atakubali kila kitu. Na likipatikana jambo jipya kutokana na mikono yake, jina lake liandikwe, iwe kwenye hataza au kwenye bango la maonyesho ya Sabasaba. SIDO ipo tangu 1973, CAMARTEC Arusha tangu 1981. Hizo ni nyumba za kufanyia mambo haya, na zimewahi kufanya mengi. Arusha pia yuko Bernard Kiwia, aliyeanza kama fundi baiskeli, akabuni vifaa vinavyoendeshwa kwa pedali, na leo anawafundisha wengine kubuni. Mtu wa namna hiyo kwa nini awe habari ya kushangaza?

Nayaleta haya leo kwa sababu kuna mabadiliko makubwa yanakuja jikoni. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Mitungi ya gesi inagawiwa, na majiko ya umeme, pamoja na yale masufuria ya presha, yanaanza kuingia madukani. Mimi naunga mkono. Moshi umewaua mama zetu na misitu ya Handeni imeuona mkaa wa kutosha. Lakini yule fundi wa mapipa pale njia panda, aliyeishi kwa jiko la mkaa, hajaambiwa nafasi yake iko wapi katika miaka hiyo kumi. Na sufuria la umeme likizima Kabuku saa mbili usiku, maharage yakiwa mabichi, atafuatwa yeye, maana dukani watasema lirudishwe Dar es Salaam.

Basi kwa wanaohusika nina ombi moja, wala halina gharama kubwa. Kabla ya kuagiza shehena ijayo, chukueni masufuria mawili matatu ya aina mnayokusudia kuinunua, myapeleke Segera, myaweke mezani kwa fundi wa redio na fundi wa mabati. Walipeni wiki moja. Wayafungue. Waandike skrubu ipi haifunguki kwa bisibisi za kawaida, kipuri gani hakipatikani Korogwe wala Tanga, waya upi utaungua kwanza umeme ukicheza kama unavyocheza kwetu. Karatasi hiyo ipelekwe kiwandani pamoja na oda, na oda isitiwe saini mpaka kiwanda kijibu.